Mbegu chini ya udongo zinaona mwanga? Shajara ya mradi wangu, Mikindani

Juni 3

Mama kanigongea mlango asubuhi na mapema, mchicha umegoma tena. Hii mara ya pili anamwaga mbegu kwenye tuta lile lile la karibu na kisima, mbegu ni zile zile alizonunua sokoni Mtwara mjini na jirani kanunua hapo hapo na wake umejaa mpaka anapunguzia, sisi kwetu kimeota kimchicha kimoja kimoja kama nywele za mtoto mchanga. Mama anasema mbegu zimekufa. Mimi nikamuuliza, mama ulifukiaje? Akanionyesha na reki, anamwaga, anavuta udongo mara mbili mara tatu, anakandamiza na nyuma ya jembe, "ili kuku wasizione mwanangu".

Sasa mimi hili swali linanikaa kichwani siku nyingi, kwamba kuna mbegu zinahitaji mwanga ndo ziote, na mwanga unaingia ardhini kidogo sana, vitabu vinasema mwanga wa kuifaa mbegu haupiti milimita 4 au 5, chini ya hapo ni giza hata jua liwe la utosini. Nikajisemea basi ndo hilo, mama kazizika gizani. Ila nimejisemea tu, sijaona. Nimeamua nipime kabisa mwenyewe, kipupwe hiki chote, maji ya kisima yapo, na niandike kila kitu humu hata kile kitakachonikataa.

Juni 5

Kifaa cha kupimia. Nimechukua boksi la viatu, nimetoboa juu tundu la upana wa sarafu, juu yake nimeweka kipande cha kioo cha dirisha na kukizungushia soltepu nyeusi mwanga usiingie pembeni. Ndani nimelaza simu, kile kijicho chake cha kupimia mwanga kimekaa sawasawa chini ya tundu, na simu ina programu ya kusoma luksi, yani kipimo cha ukali wa mwanga. Kuzunguka kioo nimejenga ukuta mdogo wa kadibodi, naweka udongo, nasawazisha na rula mpaka ufike milimita ninazotaka.

Saa sita mchana nimetoka nje, dakika nne simu imechemka ikajizima. Kwahiyo napima saa tatu asubuhi tu, haraka haraka, kivulini napumzisha, narudi tena.

Jua tupu na kioo kitupu: 71,000. Mchanga mweupe wa ufukweni, mkavu, niliousuuza chumvi mara tano: milimita 1 imebaki 2,400. Milimita 2, imebaki 510. Milimita 3, 130. Milimita 5 ikacheza kati ya 6 na 9. Nimekaa nimeuangalia huo mchanga unavyong'aa, mtu ungeapa mwanga unapita wote, kumbe unarudishwa juu karibu wote.

Juni 7

Udongo mwingine umefika. Mwekundu kaniletea binamu kutoka Newala, kajaza kiroba kidogo akakipa kondakta wa basi. Mweusi wa mbuga umetoka kwa shemeji anayelima mpunga bonde la Lukuledi, huo mzito, ukikauka unapasuka vipande kama vigae.

Mwekundu, nimeuchekecha na chekeche ya unga: milimita 1 ni luksi 95, milimita 2 ni 3, milimita 3 ni sifuri. Mweusi umechekechwa: milimita 1 ni 10, milimita 2 sifuri. Yani mbegu ikiwa chini ya udongo mweusi unene wa punje ya mchele tu, tayari iko usiku wa manane.

Ila hapa kuna vitu viwili vimenishika. Cha kwanza, nikarudia mchanga mweupe baada ya kuulowesha. Mimi nilitegemea ukiwa na maji mwanga utapungua, maana mchanga uliolowa unaonekana wa kiza zaidi ukiuangalia. Kinyume chake! Milimita 2 imesoma 1,600, milimita 3 imesoma 540, milimita 5 ni 60. Nimerudia mara nne sikuamini. Sababu yake ni kwamba maji yanaziba ile nafasi ya hewa kati ya chembe na chembe, mwanga haurushwirushwi tena hovyo kila unapogusa chembe, unapenya kwenda chini, na kile kiza tunachokiona kwa juu ndo huo mwanga uliozama badala ya kurudishwa machoni. Kwenye udongo mwekundu kulowesha hakukusaidia kitu, rangi yake inaumeza mwanga tu.

Cha pili, udongo mweusi bila kuchekecha, ukiwa na mabonge mabonge kama ulivyo shambani, milimita 5 zikasoma 200 na ushee mahali pengine na sifuri mahali pengine. Mwanga unapita kwenye nyufa. Kwahiyo ukisema "kina cha mbegu" shambani sio namba moja, mbegu mbili ziko kina kile kile moja iko gizani moja iko chini ya ufa inaona mbingu.

Juni 9

Leo nimepanda. Matrei ni sahani za bati na vifuniko vya ndoo vya zamani, aina za udongo tatu, vina vinne: juu kabisa, milimita 3, milimita 10, milimita 30. Mbegu 50 kila mahali. Nimechukua mchicha wa mama, saladi, ufuta, na kunde. Nimefukia na korosho mbili sentimita 5 kwenye kopo, basi tu, hatuwezi kuwa Mtwara nikaacha korosho nje.

Kuhesabu mbegu 50 za mchicha ni kazi, jamani. Nimetumia ncha ya sindano iliyolowa mate. Nyeusi, zinang'aa, duara lililobinywa kidogo, gramu moja inabeba elfu moja na zaidi, ukihema zimekwenda. Saladi nayo ni nyembamba kama kijiti chenye mistari. Ufuta unashikika. Kunde unazimwaga tu. Na hapa ndo kwenye chanzo cha jambo zima, mbegu kubwa ina akiba, inaweza kutoka kina cha vidole viwili ikiwa na nguvu, ya mchicha imebeba chakula cha kusukuma milimita chache tu, ikikosea kina haina pa kukopa. Ndo maana mbegu nyingi ndogo zikaja na hiyo tabia ya kungoja mwanga kwanza, mwanga kwao ni habari kwamba juu ni karibu, toka.

Za gizani kabisa, mbegu 50 za kila aina kwenye tishu iliyolowa, nimeziweka ndani ya kopo la biskuti la bati, nikafunika kwa kaniki mkunjo mara mbili, nikaliweka chini ya kitanda. Nyingine kama hizo ziko dirishani kwenye mwanga.

Juni 12

Kopo la biskuti limefunguliwa. Mpwa wangu wa miaka mitano kaliona, kafungua akitafuta biskuti, kaacha wazi ukumbini sijui muda gani. Nimemwita nikamwonyesha mbegu, nikamweleza zilikuwa zimelala na mtu akiwasha taa zinaamka, akanielewa kuliko nilivyotegemea, sasa yeye ndo mlinzi wa kopo. Seti ya gizani nimeitupa yote nimeanza upya, maana mbegu ikishalowa dakika chache za mwanga zinatosha kuharibu kila kitu. Mbegu kavu haijali, unaweza kuianika juani mwezi mzima haihesabu, ila ikinywa maji inakuwa macho.

Juni 15

Leo nimejikuta nakosea na nimefurahi kukosea.

Mchicha. Juu kabisa umeota vizuri kwenye udongo wote watatu, 38 mpaka 44 katika 50. Milimita 3 vizuri pia. Milimita 10, mchanga 29, mwekundu 17, mweusi 4. Milimita 30 hakuna kitu popote. Ukiangalia juu juu unasema si ndo hivo, giza limezuia. Halafu nikakumbuka kwamba sijafukua.

Nimefukua trei ya udongo mweusi milimita 10 kwa kijiko cha chai, taratibu, nikiwa nimelala kifudifudi barazani. Zile mbegu zimeota. Karibu zote! Nimekuta nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, kichwa kimeinama kama ndoano, zimepanda milimita 6, 7, zimefika kwenye gamba gumu la juu zikakunja shingo zikatambaa pembeni kutafuta upenyo na zikafia hapo. Moja ilikuwa imezunguka nusu duara kabisa chini ya gamba. Kwenye milimita 30 nazo ni hivo hivo, zimeota, zimeishiwa njiani.

Na kopo jipya la gizani, lililofungwa siku tatu: mchicha wa gizani umeota 41, wa dirishani 43. Huu mchicha wa mama hauhitaji mwanga hata kidogo kwa joto la huku. Mchicha pori uko tofauti na hata huu wa bustani kuna aina na aina, lakini wetu huu, hapana. Kwahiyo maelezo niliyojipa mwenyewe Juni 3 yalikuwa na sura ya kweli na yalikuwa sio. Tuta lake halikukosa mwanga, mbegu ziliota zote zikafia chini ya udongo aliokandamiza na nyuma ya jembe halafu jua likaukausha ukawa kama sakafu.

Nimemwita mama kuja kuona zile nyuzi nyeupe. Kakaa amezitazama, akasema, "Kumbe zilikuwa zinakuja." Sikuwa na la kuongeza.

Mtu yeyote anayefanya jaribio la namna hii, nakuomba, fukua. Kuhesabu miche iliyotokeza hakukwambii kama mbegu haikuota au iliota ikashindwa kutoka, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili.

Juni 16

Saladi haijaota popote, hata ya juu kabisa yenye mwanga wote. Nimefikiria mbegu mbovu, halafu nikaangalia, trei zimekaa upande wa magharibi, jioni bati limeshika moto. Saladi ikizidiwa na joto inalala, ikifika nyuzi 30 na kitu huko inagoma hata uiwekee mwanga gani. Nimezipanda upya, nimezihamishia uani upande wa mtungi wa maji, nimezizungushia gunia lililolowa, juu wazi kwa mwanga. Upepo wa kusi usiku unasaidia, alfajiri pale kuna baridi ya kuvaa shuka.

Ufuta na kunde haraka: zote zimeota gizani na mwangani sawa, ufuta umetoka mpaka milimita 30 kwenye mchanga ila kwenye mweusi umepata shida, kunde hazina habari na mtu.

Juni 22

Saladi, hii ndo yenyewe sasa. Juu kabisa: 42, 40, 41. Milimita 3 kwenye mchanga mweupe uliolowa: 31. Milimita 3 kwenye mwekundu: 8. Mweusi uliochekechwa: 6. Kina kile kile, mbegu zile zile, maji yale yale! Nikaenda kuangalia daftari la Juni 7, mchanga uliolowa milimita 3 luksi 540, mwekundu sifuri. Nimezipiga picha hizo kurasa mbili pamoja.

Nimefukua safari hii na kibano cha nyusi. Za kwenye mwekundu na mweusi hakuna nyuzi. Zimekaa nzima, zimevimba maji, ganda halijapasuka, ukiibonyeza ngumu, hai. Nimezitoa 30 nimeziweka kwenye tishu iliyolowa pale pale karibu na mtungi, kwenye mwanga.

Juni 24

Katika zile 30 zimeota 26. Siku mbili tu. Wiki nzima zilikuwa na maji, hewa, joto la kuwafaa, zikakaa zimenyamaza, zimeonyeshwa mwanga zikatoa kimzizi. Hizi ndo mbegu zinazongoja. Za mchicha hazikungoja na kilichoziua ni kutokungoja.

Juni 27

Leo naeleza kinachofanyika ndani, kwa kadiri ninavyokijua, maana mpwa wangu mkubwa wa sekondari ananisumbua nae anataka kuandika shuleni.

Watu waliolifungua hili walikuwa Beltsville, Maryland, huko Marekani, kina Borthwick na Hendricks na wenzao, mwaka 1952, na walitumia mbegu hii hii ya saladi, aina inaitwa Grand Rapids. Waliziangazia mbegu zilizolowa mwanga mwekundu, zikaota. Wakaziangazia mwekundu halafu mwekundu wa mbali, ule ulio mwishoni kabisa ambao jicho letu karibu haliuoni, hazikuota. Wakarudia mwekundu, wa mbali, mwekundu, wa mbali, mara nyingi, na kila mara mbegu ilifuata rangi ya mwisho. Kama swichi. Baadae ile swichi ikapatikana kabisa, ni protini yenye rangi, inaitwa faitokromu, ina sura mbili, mwekundu unaigeuza iwe sura ya kuamsha na wa mbali unairudisha ilale.

Hii ndo inafanya udongo na majani viwe na maneno tofauti kwa mbegu. Udongo unazuia rangi zote, bluu inakufa mapema kabisa, nyekundu na ya mbali zinafika chini kidogo zaidi. Lakini jani bichi linafanya kingine, linaula mwanga mwekundu na linauachia wa mbali upite. Mbegu iliyo chini ya majani ina mwanga, ila ni mwanga unaoiambia kuna mwenzio mkubwa juu yako, usitoke.

Nimelijaribu. Sahani tatu za saladi kwenye tishu karibu na mtungi. Moja wazi. Moja nimefunika na kitambaa cheupe mkunjo mara nne. Moja nimefunika na jani bichi la mgomba, nikalibadilisha kila asubuhi. Nimerekebisha mkunjo wa kitambaa mpaka simu ikasoma karibu sawa na chini ya jani, kwahiyo ukali wa mwanga unakaribiana, rangi tu ndo tofauti.

Na sahani ya nne: gizani kwa muda wa masaa manane kwenye kopo, imetolewa mwangani dakika 5, imerudi gizani. Ya tano haijatolewa kabisa.

Juni 30

Wazi 43. Kitambaa 39. Jani la mgomba 5.

Dakika 5 halafu giza: 34. Giza tupu: 7.

Nimekwenda shambani kwa baba mdogo jioni, chini ya mikorosho yake iliyofungana, pale ambapo siku zote nilidhani magugu hayaoti sababu ya majani makavu yaliyotandazika. Nayo ni sababu. Ila nimeangalia juu lile paa la kijani na nimeangalia chini, na nimeelewa kwanini ukikata mkorosho mmoja mzee, msimu huo huo pale pameota msitu.

Julai 3

Kishona nguo. Nimerudi nacho kwenye suruali kama kawaida, safari hii nikavichomoa nikaviweka kwenye sahani. Chukua kichwa kimoja kilichokauka ukipasue: katikati kuna mbegu ndefu, nyeusi, nyembamba, zimechongoka, na pembeni kabisa kuna chache fupi, zina vijipele, rangi ya kahawia kidogo. Nimelima na hili gugu maisha yangu yote sikuwahi kuona kwamba ni mbegu za aina mbili kichwa kimoja. Ndefu zinaota haraka kokote. Fupi ndo zinazolala, zinangoja mwanga, zinakaa ardhini zikiwa akiba ya mmea. Nimeweka 20 na 20 gizani: ndefu zimeota 15, fupi moja. Kwahiyo gugu linatuma wengine wakajaribu bahati leo na wengine wanabaki nyuma. Hizo fupi ndo tunazozigombana nazo kila tukipiga jembe, mtu analima tuta safi kabisa, wiki mbili kijani, halafu analaumu mbolea.

Julai 6

Jembe linafanya nini hasa? Linazigeuza mbegu, linazipa jua sekunde moja au pungufu, linazifukia tena. Kwa mbegu iliyokaa ardhini miezi kwenye unyevu hiyo sekunde inatosha, kukaa kule chini kunaziongezea wepesi wa kuhisi kuliko nilivyoona mimi kwenye saladi. Wesson na Wareing, Wales, waliandika mwaka 1969 jinsi walivyochimba vishimo usiku, vingine wakafunika kwa kioo, vingine kwa kitu kisichopitisha mwanga, na magugu yakatokea kwenye vya kioo. Nimeshindwa kulala nikifikiria hilo, jaribio la koleo na kioo tu, mtu wa Mikindani analiweza leo.

Na kuna mzee mmoja, William Beal, mwaka 1879 huko Michigan alifukia chupa 20 zenye mbegu za magugu ili zifukuliwe moja moja miaka na miaka, ya mwaka 2021 bado zingine zimeota. Wanaozifukua wanakwenda usiku, mwanga usizifikie.

Mama kasikia nataka kuchimba usiku hakupenda. Kasema, "Watu watasemaje, mtu anachimbachimba usiku karibu na kisima?" Na ana haki, huku kwetu kulima usiku kuna maana yake. Kwahiyo nimepita kwa balozi wa nyumba kumi nikamweleza, nimepita kwa majirani wa pande mbili, nimewaonyesha zile sahani za saladi. Jirani mmoja kasema atakuja kunishikia kioo.

Julai 8

Usiku wa saa mbili na nusu, mwezi bado, mawingu. Vishimo vinne, kina cha shubiri, chini ya kibanda cha makuti kisicho na kuta ili kioo kisichemke na jua. Sikuchagua chini ya mwembe, kwa sababu ya lile jambo la majani. Tumechimba kwa kupapasa, bila tochi, simu tumeacha ndani. Viwili vimefunikwa kioo, viwili bati, kingo nimezifukia udongo. Asubuhi nimemwagia kuzunguka pembeni maji yazame yenyewe, sijafungua.

Julai 17

Tumefungua mbele ya mama, balozi, na jirani wa kioo.

Vya kioo: 23 na 17, kishona nguo wengi, mchicha pori, na vingine sivijui bado vina majani mawili tu. Vya bati: 2 na 0, hao wawili ni weupe, warefu, wamelala. Ndago zimetokea kotekote na sikuzihesabu, zinaota kutoka kwenye vile viazi vyake vya chini, hazingoji mwanga wa mtu.

Vile vya bati tumeviacha wazi makusudi.

Balozi kaniuliza swali zuri kuliko langu lote, kwamba hizo mbegu za chini ya shubiri zimefikaje huko. Nikamjibu, kwa jembe letu wenyewe, miaka na miaka.

Julai 26

Vile vya bati vilivyoachwa wazi: 19 na 14.

Na pande mbili za tuta nimezilima, moja saa sita mchana Julai 9, moja usiku ule ule wa vishimo. Nahesabu kwenye fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita. Mchana: 58. Usiku: 36. Tofauti ipo ila sio kama ya vishimo, na sababu naiona, zile mbegu zilizoachwa juu juu usiku asubuhi jua liliwakuta, milimita za juu hazifichiki. Kulima usiku kunawanyima mwanga wale tu wanaorudi chini. Ni tuta moja tu, nitarudia mara mbili mvua ikija, na nitalima tena na kufunika jembe kwa kitambaa... hapana, wazo hilo la kitambaa ni la mpwa, nalijaribu kwenye trei kwanza.

Kwa mama nimemwambia hivi na ndo ninavyoamini: kulima usiku sio lazima. Ukitaka magugu yatoke, lima mchana, mwagia, yaache yaote siku kumi, yapalilie juu juu kwa kukwaruza bila kuchimba, ndo upande mchicha. Ukichimba tena umeamsha kundi jingine.

Agosti 4

Tuta la mama, mara ya tatu. Hakutumia reki. Kamwaga mbegu na mchanga kiganjani, kachukua chekeche, kachekechea mchanga mweupe juu, nimepima na rula ni milimita 3 mahali pengine 4, hakukandamiza, kafunika nyasi kavu kidogo, kamwagia na kopo la kutoboa. Kwenye tuta la mchicha, huo mchanga ni wa kuzuia lile gamba gumu lisishike. Tuta la pili saladi, mchanga huo huo, nyasi hakuna, pale ni kwa ajili ya mwanga, na juu kaweka makuti machache ya kukata joto la mchana.

Kuku kawazungushia chandarua cha zamani.

Agosti 8

Mchicha umetoka mzima mzima, mama alikuja kuniita kabla sijanawa uso. Saladi bado, ila nimekwangua mchanga kidogo pembeni kwa ukucha, kuna kimzizi cheupe kimeshika chini. Korosho zote mbili zilishatoka siku nyingi, nilisahau kuandika.